Matawi ya Avoka Mbele ya Lango

Lango la nyumba yangu ni la chuma, limepakwa rangi ya kijani, na upana wake ni mita tatu na nusu. Nimeupima mwenyewe kwa utepe, baada ya dereva mmoja kuniambia kwamba gari lake limeziba kidogo tu. Gari hilo lilikuwa na urefu wa mita nne. Nilimpa hesabu hizo zote mbili. Alizisikiliza kwa masikitiko, kama mtu anayepewa habari za ugonjwa wa jirani, kisha akarudi kula.

Alikuwa anakula michopo. Ng'ambo ya barabara yetu, hatua chache kabla hujaingia Kenya, ambayo kwetu ni komini, yaani sehemu ya mji, wala si ile nchi, yupo bwana anayechoma nyama ya mbuzi, ambayo sisi wa Lubumbashi tunaiita hivyo. Huikata kwa panga juu ya gogo, huichoma juu ya nusu ya pipa, halafu huifunga katika karatasi pamoja na kitunguu, chumvi na pilipili. Sifa za nyama yake sizirudii hapa, kwa kuwa nilizipata kwa wengine; kwa miaka miwili nilikataa kuionja, nikilinda msimamo wangu. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba kuanzia saa sita mchana wateja wake walifika kwa magari, na kwamba upande wake wa barabara una mfereji. Nafasi ilikuwa upande wangu.

Wote walitumia maneno yaleyale: "Papa, ni minute mbili tu." Niliwapima kwa saa ya mkono. Dakika mbili za michopo ni dakika arobaini ikiwa nyama imekwisha kukatwa. Kama bado, ni mchana mzima. Saa pekee ya amani ilikuwa Ijumaa adhuhuri, maana mchomaji ni wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, naye hufunika moto wake akaenda msikitini. Ijumaa adhuhuri ningeweza kuingiza na kutoa hata lori.

Nilifundisha historia katika shule ya sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini. Tarehe wanafunzi walizisahau, kama ilivyo haki yao, lakini jambo moja sikuwaruhusu kulisahau: kila habari iulizwe maswali kabla haijaaminiwa. Nani aliona? Alisimama wapi? Je, macho yake yalikuwa mazima? Najua walikuwa wakiniiga nyuma ya darasa, kwa sauti yangu na kwa kidole changu, nami niliwaacha, kwa sababu walikuwa wakiniiga barabara.

Kwa hiyo sikuanza ugomvi na wenye magari kabla ya kuweka ushahidi. Mchomaji alipoanza tu biashara yake, nilimwita mchoraji wa mabango, naye akaandika kwenye lango, kwa herufi nyeupe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba ni marufuku kuegesha gari hapa mchana na usiku. Tangu siku hiyo, kila aliyeegesha alikuwa ama hajui kusoma, ama ana kiburi. Siku moja nilimwuliza kijana aliyevaa tai:

"Bwana, hujui kusoma?"

"Najua, papa. Nimefika mpaka université."

"Basi soma lango."

Akageuka, mfupa mkononi, akalitazama lango kutoka juu hadi chini. "Papa, pale hakuna kitu."

"Hakuna kitu?"

"Minaona lango tu. Iko lango muzuri."

Huyo nilimhesabu kuwa ndiye fidhuli kuliko wote. Mama mmoja mwenye gari kubwa alikuwa na heshima zaidi, ingawa alikuwa ametandaza nyama yake juu ya boneti kama mezani. "Muzee, usikasirike, tension ya damu itapanda," aliniambia. "Kuja, tukule pamoja."

Habari hizi nilimpelekea mke wangu barazani kila mchana. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kwa muda wa miaka ile miwili alikuwa akitambua wajukuu kwa sauti na chungu kwa harufu. Lango hakuliona tena.

"Leo ni gari la namna gani?" angeuliza.

"Jeusi, chafu, la mtu asiye na adabu."

"Na hiyo adabu, unaionea wapi kwa nje?" Na mara nyingine: "Miye sijaona hata gari moja. Yote ninayoyajua juu ya hao watu, nimeyasikia kwako."

Sikulipenda neno hilo.

Kisha tukapata nafasi ya operesheni. Daktari wa macho kutoka mbali alikuwa anakuja kwa siku chache, na shemeji yangu aliyefika kutoka Sakania kumtunza dada yake alikuwa amesikia kwenye treni kwamba wagonjwa wanapokewa wakati wowote. Sikuyaamini maneno ya treni. Nilikwenda mwenyewe hospitalini, nikasoma orodha iliyobandikwa mlangoni: mke wangu, Alhamisi, saa nane mchana. Nilimwuliza muuguzi, naye akanieleza kwamba asiyefika kwa saa yake, nafasi anapewa anayengoja kwenye benchi. Jumamosi daktari anaondoka, na hakuna anayejua atarudi lini. Nililitazama lile benchi. Lilikuwa limejaa.

Alhamisi saa nane. Maana yake ni kutoka nyumbani saa saba na nusu, wakati moto wa mchomaji umekolea na mbele ya lango pamejaa.

Msomaji atasema ningemwita mwenye teksi. Mke wangu alilisema hilo mara tatu. Lakini gari ninalo, na lango ninalo, na sikuona kwa nini niikodi haki yangu kwa mtu mwingine. Atasema pia ningetoa gari asubuhi na kuliweka nje, mbele ya lango langu mwenyewe. Nilikwisha kulijaribu hilo siku nyingine: magari mawili yaliliziba mbele na nyuma, na niliporudi nilikuta kitunguu juu ya boneti.

Nilifikiri vizuri, kisha nikakumbuka matawi. Katika nchi yetu, gari likiharibika njiani, dereva hukata matawi na kuyapanga barabarani, na kila anayekuja huyaona kwa mbali, akakwepa. Hata wenye malori ya madini katika njia ya Kipushi, ambao sijawaona wakiheshimu kitu kingine chochote, huheshimu matawi. Nami nina mti wa avoka uliokuwa unahitaji kupunguzwa. Alhamisi saa tatu asubuhi nilikata matawi mazuri yenye majani mengi, nikayapanga mbele ya lango kwa mstari ulionyooka.

Yalifanya kazi kuliko nilivyotazamia. Gari la kwanza lilipunguza mwendo, dereva akazima muziki, akapita polepole. Wa pili alivua kofia. Kofia ile ingetosha kunifundisha jambo, kama ningeisaili kwa maswali yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeridhika mno. Nilirudi ndani, nikamwambia mke wangu kwamba njia ni nyeupe.

Kwa maana matawi mjini mwetu yana kazi ya pili, na mtu mwenye umri wangu hana udhuru wa kuisahau. Yakiwekwa barabarani, gari limekufa. Yakiwekwa mbele ya nyumba, amekufa mtu.

Saa sita na nusu alikuja jirani yetu, mama mnene mwenye moyo mwema, amejifunga kitenge kiunoni.

"Pole, papa," alisema.

"Asante, mama." Mtaa mzima ulijua habari za operesheni, sikuona ajabu.

"Na mama mwenyewe iko wapi?"

"Yuko ndani. Mdogo wake anamvalisha."

Alishika kichwa kwa mikono miwili, akatoa kilio ambacho nadhani kilisikika mpaka sokoni. Kabla sijafunga mdomo wangu, wanawake wawili walikuwa wameingia nyuma yake na mikeka. Wakafuata vijana na viti vya plastiki, kisha wanaume wanne na turubai, wakiulizana kamba ifungwe wapi. Niliwaambia hakuna aliyekufa. Mmoja wao alinishika bega kwa upole. "Ndiyo, papa. Sisi wote, siku ya kwanza, tunasemaka hivyo."

Nimewahi kufundisha jinsi uvumi unavyozaliwa, lakini sikuwahi kuwa ndani ya nyumba wakati wa uzazi. Katika nusu saa niliokota habari tatu, zote zikisemwa mbele yangu: kwamba mke wangu amefariki juu ya meza ya operesheni, kwamba amefariki njiani kwenda huko, na kwamba mimi, kwa kuona hivyo, nimemfuata. Simu yangu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa, mwenye sauti iliyovunjika. Aliomba kuzungumza na mjane wangu.

"Nani aliona?" nilimwuliza.

"Mwalimu?"

"Nani aliona, na alisimama wapi?"

"Banasema tu, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, sauti ileile ya dawati la nyuma.

Wakati huo mke wangu alitoka, amevaa gauni lake la kanisani, ameshikwa mkono na mdogo wake. Alisikia watu wanalia nyumbani kwake, na kwa kuwa ni mama aliyelelewa vizuri, alianza kulia pamoja nao. Alilia kwanza, akauliza baadaye.

"Jamani, ni nani?"

Wale waliomwona walikuwa wameshika midomo. Jirani yetu ndiye aliyekaribia na kumgusa mkono, taratibu, kama anayejaribu pasi.

"Mama, ni weye."

"Miye?"

"Ndiyo, mama. Banasema ni weye."

Mke wangu alipapasa kiti, akakaa, akafuta machozi aliyokwisha kuyatoa. "Na nilikufa lini?" aliuliza. "Huyu bwana haniambii kitu."

Watu walicheka, wengine wakalia upya kwa furaha, na wanawake wawili wakagombana juu ya nani aliyeleta habari. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama saa yangu: saa saba na dakika kumi. Kisha nilifungua lango, nikaona barabara.

Penye kilio, hakuna anayemwuliza mwenzake ameegesha wapi. Magari ya wana kwaya, ya majirani, ya wanafunzi wangu wa zamani, yalikuwa yamesimama mistari mitatu, mengine juu ya matawi yenyewe. Karibu kabisa na lango, likiligusa, lilikuwa gari dogo ambalo hakuna aliyemjua mwenyewe. Katika miaka miwili ya vita vyangu sikuwahi kuzibwa namna ile, na safari hii watu nilikuwa nimewaita mwenyewe.

Nilisimama pale. Nilifikiri juu ya benchi la hospitali. Mke wangu alikuja nyuma yangu, akapapasa mpaka akashika mkono wa koti langu.

"Njia bado ni nyeupe?" aliuliza.

Ndipo yule mchomaji alipovuka barabara, akijifuta mikono kwa aproni. Hatukuwa tumewahi kuzungumza ila kwa kupigiana kelele juu ya vichwa vya wateja.

"Muzee, mama alikuwa anaenda hospitali?"

"Saa nane. Akichelewa, nafasi wanampa mwingine."

Alilitazama lile fungu la magari kama mimi ninavyotazama darasa. Huyu bwana hakujua jina la mtu, lakini alimjua kila mmoja kwa nyama yake. "Ile nyeupe ni ya muntu wa maini," alisema. "Yeye iko chini ya turubai. Ile pick-up, ni ya mama wa mbavu bila pilipili." Akapaza sauti: "Maini! Mbavu! Kuya mutoshe magari!" Na watu waliokuwa hawajanitii hata siku moja wakaja mbio na funguo mkononi.

Likabaki lile dogo la langoni. Mwenyewe, ilisemekana, amekwenda kutafuta mkaa wa kilio. Sikuwa na wakati wa kuhakikisha. Mchomaji aliwageukia wanaume. "Mulikuja kubeba sanduku, ao hapana? Basi, mubebe motokari." Wanane walilishika, wawili walihesabu, na gari likainuka kama kochi, likawekwa kando ya ukuta.

Nilipotoa gari langu, mchomaji alikuwa akiokota matawi yaliyopondwa. Badala ya kuyatupa, aliyachomeka mbele, mawili kila upande, kwenye kioo na kwenye boneti, na akaniambia niwashe taa.

"Papa, acha bikae hivi. Utafika."

Nilijua vizuri maana ya gari lenye matawi na taa zinazowaka mchana. Saa yangu ilikuwa inasema saa saba na dakika thelathini na tano. Sikusema uongo wowote. Nilinyamaza tu, na nimewahi kuwaadhibu wanafunzi kwa kunyamaza kwa namna ileile.

Magari mawili ya waombolezaji yalitufuata, hayakutaka kuachwa. Mabasi madogo ya Kenya, ambayo mimi mwenyewe nimeyaona yakipanda juu ya kingo za barabara ili yasimpishe mtu, yalisimama pembeni. Wenye pikipiki walizima honi. Polisi wa njia panda alisimamisha pande zote nne, akapiga saluti. Niliipokea kwa kichwa.

"Leo barabara ina nini?" aliuliza mke wangu nyuma. "Sisikii hata honi moja."

"Watu wameanza kuwa na adabu."

"Umeiona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Huo ulikuwa ukweli. Shemeji yangu, aliyekuwa karibu naye, aligeukia dirisha na kuweka leso mdomoni.

Penye lango la hospitali mlinzi alivua kofia na kunielekeza kwa mkono. "Morgue iko nyuma, papa."

"Tunakwenda kwenye macho."

Aliinama, akamwona mke wangu amekaa wima akimsalimu hewani, akafungua bila swali jingine. Saa nane kasoro dakika nane. Niliegesha mbele ya mlango wa kwanza niliouona, nikamshika mke wangu mkono. Mlinzi alikuja nyuma yetu mbio.

"Papa, hapa hapana ruhusa. Ni pa ambulance."

Nikasikia mtu akisema, "Dakika mbili tu, baba." Mtu huyo alikuwa mimi. Dakika hizo mbili zilikuwa muda wa saa tatu.

Ijumaa walimwondolea bandeji ya jicho la kuume. Alimtazama muuguzi, alitazama kucha zake mwenyewe, kisha alinitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Umezeeka," alisema, na muuguzi akaona kwamba jicho ni zima.

Tulifika nyumbani adhuhuri, saa ile ya amani, moto wa mchomaji umefunikwa na barabara haina gari. Nilipiga honi ili shemeji atufungulie. Lakini mke wangu alitaka kuteremka. Alilizunguka gari kwanza, akaona majani ya avoka yaliyokauka kwenye kioo cha pembeni, ambayo nilikuwa nimesahau kuyatoa.

"Kumbe ulinipeleka kama maiti," alisema.

"Ulifika kwa saa."

Kisha alisogea mbele ya lango, akajikinga jua kwa mkono, akalitazama. Alilitazama upande wa kushoto, akahamia wa kulia.

"Yale maandishi yako wapi?"

"Yako mbele yako. Herufi nyeupe."

"Papa, hapa hakuna herufi."

Nilikwenda kusimama pale aliposimama yeye, kama ninavyotaka shahidi asimame. Jua la misimu miwili ya kiangazi, vumbi letu jekundu, na moshi wa mafuta ya mbuzi vilikuwa vimefanya kazi yao. Ilibaki D moja ya Kifaransa, nusu ya neno "mchana," na kivuli ambacho mimi peke yangu ningeweza kukisoma, kwa sababu nilikuwa na maneno yote kichwani na sikuwahi kuyatafuta langoni. Nilimkumbuka yule kijana mwenye tai. Aliona, alisimama mahali pazuri, na macho yake yalikuwa mazima.

Mke wangu alipitisha kidole juu ya chuma, akakitazama kidole.

Jumatatu nilinunua rangi nyeupe, na sikumwita mchoraji. Mchomaji aliniletea ngazi yake, pamoja na kifurushi cha karatasi ambacho sikuweza kukikataa huku nimesimama juu ya ngazi yake. Nyama ni nzuri; hilo sasa nalisema kwa ushahidi wangu. Mke wangu alikaa kwenye kiti barabarani, akiniambia mstari unapoinama. Nilipokuwa nimemaliza neno la kwanza, gari la bluu lilikuja likasimama nyuma yangu. Dereva alitoa kichwa dirishani, akafungua mdomo kusema anachosema kila mtu, kisha akanyamaza. Alisoma neno lile. Alingoja niandike la pili, akalisoma nalo, akarudi nyuma polepole, akaenda kuegesha kwingine. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu akisoma lango langu.